Ukuta Wenye Masuke ya Mpunga

Niliyoyaona kwa macho yangu ni machache: ukuta wa nyumba yangu, ukuta wa nyumba ya mtu mwingine, mwaridi mmoja, na mikono ya marehemu mke wangu ikiwa imetapakaa udongo mweupe hadi viwikoni. Niliyoyasikia ni mengi mno, na kila nilipomtaka msemaji anipeleke kwa aliyeona, alinipeleka kwa msemaji mwingine. Katika maandishi haya nitasema waziwazi lipi niliona na lipi nilisikia. Majina siyaandiki, kwa kuwa baadhi ya watu hao wameacha wajukuu wanaosoma.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa mwalimu, na nilikuwa nimemaliza kujenga nyumba Kibaoni, nyumba ya fito na udongo, lakini yenye madirisha ya mbao na baraza pana. Mimi ni mzaliwa wa Masagati. Mke wangu alitoka upande wa Mahenge, na tulikuwa tumefunga ndoa kanisani mwaka uliotangulia. Kukandika kuta ilikuwa kazi ya majirani walioalikwa, wakala, wakanywa, wakaenda zao. Kusiriba na kupamba ilikuwa kazi yake peke yake, wala hakutaka msaidizi.

Hapa inanipasa kueleza desturi moja ya watu wa kwao, kama alivyonieleza mwenyewe na kama nilivyoithibitisha katika nyumba za dada zake. Kila mwanamke alikuwa na nakshi yake ya ukutani. Aliirithi kwa mama yake, akaigeuza kidogo, ikawa yake, kama mwandiko. Hakuipaka popote alipopenda. Aliipaka kwenye ukuta wa baba yake kabla ya kuolewa, kwenye ukuta wa kaka yake akiombwa, na kwenye ukuta wa mumewe. Nyumba ya mwanamume asiye na mke ilijulikana kwa ukuta wake mtupu.

Kiangazi, maji ya mto yalipopungua, alikwenda Kivukoni na wanawake wenzake kuchimba udongo mweupe chini ya kingo. Mwekundu aliutoa kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Rangi nyeusi ilikuwa masizi ya chungu yaliyochanganywa na ute wa bamia ili yashike. Alipaka kwa vidole na kwa kijiti alichokitafuna ncha mpaka kikawa brashi. Kuzunguka dirisha la mbele alichora masuke ya mpunga yaliyoelemewa na punje, na chini yake madoa madoa kama ya kanga wa porini. Alitumia mkono wa kushoto, na masuke yote yaliinamia upande mmoja. Mimi nilikaa barazani nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, lakini sikusahihisha mengi. Kila aliyepita njiani aliweza kusoma ukutani kwamba mwanamke huyu ana mume na kwamba mume huyo ni mimi. Sikuwahi kumiliki kitu kilichonipendeza zaidi.

Bustani ilifuata. Mimi nilitaka mistari iliyonyooka na njia katikati, kama tulivyofundishwa chuoni. Yeye alitaka mchaichai karibu na jiko, mlimau pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, mpera wa kivuli, na mibono iwe ua. Tulibishana kwa siku nyingi, tena kwa furaha, na katika ubishi huo ndipo alipoingia bwana shamba.

Huyu alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya njia, kijana mrefu wa kutoka upande wa Songea, hajaoa, mwenye baiskeli, kaptura ya kaki na miche ya kila aina. Watu wa kwao na watu wa kwao mke wangu walikuwa watani tangu vita vya mababu. Watani wa kwetu walikuwa wengine. Kwa hiyo mimi nilikuwa mgeni katika mchezo uliochezwa mlangoni kwangu kila jioni.

"Hodi, mke wangu!" aliita huyo bwana, nami nimekaa palepale. "Umenibakizia chakula, au umempa Mwalimu chote?"

"Pita, mtumwa wangu," mke wangu alijibu bila kuinua uso. "Huna aibu? Babu yako alitukimbia mpaka akaangusha ngao."

"Hakuiangusha, aliiacha kwa huruma. Aliona bibi yako anapepetea mchele kwenye jani la mgomba."

Mke wangu alicheka. Nasema alicheka, nami nilimsikia, kicheko kilichotoka tumboni na kumfanya ashike kiuno. Mimi sikuwa na maneno ya kumchekesha namna ile. Nilikuwa na maneno ya kumfahamisha, ya kumshauri na ya kumshukuru, lakini si ya namna ile.

Kijana aliingia jikoni akafunua chungu. Alichukua kuku wetu akaondoka naye kwapani, akidai ni fidia ya ngao. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu mtani haombi na wala hashitakiwi. Mume mwenye wivu wa kawaida ana mahali pa kuupeleka: kwa wazazi, kwa wazee, kwa padri. Wangu haukuwa na mahali. Kama ningefungua kinywa, wazee wangeuliza ni utani au si utani, nami ningelazimika kujibu kwamba ni utani.

Ndiye aliyeleta mwaridi. Alisema kipandikizi alikipata katika bustani ya misheni. Sikuona alikokipata. Niliona alipokipanda: chini ya dirisha la chumba chetu cha kulala, mke wangu akimshikia, yeye akishindilia udongo kwa viganja. Kilishika haraka. Kilipochanua ua la kwanza, mke wangu alinivuta mkono nikalinuse. Nililinusa. Lilinukia vizuri, na jambo hilo liliniudhi.

Baada ya mavuno nilitumwa Mahenge kwa shughuli za shule, nikakaa huko kwa muda. Niliporudi, nikiwa bado na vumbi la safari, nilisimamishwa njiani na mama mmoja jirani, muuza vitumbua.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Mimi sisemi kitu, ila watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba bwana shamba sasa ana ukuta. Na mwenye mkono ule tunamjua."

"Wewe ulimwona akipaka?"

"Niliambiwa na aliyemwona."

"Mlete."

"Lo, Mwalimu! Naye aliambiwa vilevile."

Nilimwacha. Neno la namna hiyo sikulipokea darasani kwa mtoto, na sikuwa tayari kulipokea barabarani kwa mtu mzima. Lakini miguu haikunipeleka nyumbani. Ilinipeleka ng'ambo ya njia, nikasimama mbele ya nyumba ya bwana shamba mchana kweupe.

Niliona masuke ya mpunga kuzunguka dirisha. Niliona madoa ya kanga chini yake. Masuke yaliinamia upande uleule yanaoinamia ya kwangu. Nilijiuliza kama hakimu: je, huu si mkono wa kushoto? Nikajijibu kwamba mwigaji hodari huiga na mwinamo. Nikajiuliza tena: mwanamume anayeshinda mashambani amejifunza wapi kutafuna kijiti na kukamua bamia? Ushahidi ulikuwa mbele yangu, mweupe na mwekundu, wala haukuthibitisha lolote. Hata leo nikiufikiria haunithibitishii lolote, na hata leo damu hunichemka.

Mwenye nyumba alitoka akifuta mikono.

"Aha, mume mwenzangu! Umekuja kukagua nyumba yetu ndogo?"

"Nani amekupakia ukuta huu?"

"Nimeiba," alisema, akacheka. "Mtani haombi, anachukua. Kuku wenu wamenichosha, ni wembamba. Safari hii nimechukua ukuta."

"Kuiba kwa mkono wa nani?"

"Mwizi gani anayetaja mkono, Mwalimu?"

Nilivuka njia. Mke wangu alikuwa uani akipepeta mchele. Alinipokea mzigo, akanipa maji, akaniuliza habari za ndugu zake. Nilimjibu, kisha nikamuuliza.

"Nani amepaka ukuta wa bwana shamba?"

Ungo ulisimama. "Mwenye nyumba si yupo? Kamuulize."

"Nimetoka kwake. Sasa nakuuliza wewe, mke wangu."

"Hujaniuliza," alisema. "Ungekuwa unauliza ungekuja nyumbani kwanza. Umekwenda kule, umetazama, umeamua. Kwangu umeleta hukumu niitie kidole gumba."

"Jibu ni neno moja tu."

"Ndiyo. Na neno hilo nilikupa kanisani."

Akaendelea kupepeta. Hakusema alipaka, wala hakusema hakupaka. Wako waliosema baadaye kwamba bwana shamba alimlipa binti wa Mahenge aliyekuwa akipita. Wengine walisema mke wangu alipaka kwa kushindana utani, baada ya kuchokozwa kwamba hathubutu. Hayo yote niliyasikia, na nayaacha kwa walioyasema.

Jumapili iliyofuata niliamka kabla ya misa, nikachimba mwaridi pamoja na mizizi yake. Miiba ilinichana. Mke wangu alisimama mlangoni akitazama, amevaa nguo za kanisani, hakunizuia. Baada ya misa, njia ikiwa imejaa watu, niliubeba mwaridi ule mpaka mlangoni kwa bwana shamba nikauweka chini miguuni pake. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazito. Hakunipa nafasi.

"Jamani, njooni mshuhudie!" alipiga kelele. "Mume mwenzangu ameniletea maua! Mama zangu, tangu lini nimeposwa?"

Wanawake walipiga vigelegele. "Na mahari iko wapi?" aliuliza yule muuza vitumbua.

"Mahari ni mwalimu mwenyewe! Nitamtandikia kitanda wapi, na nyumba yangu ni chumba kimoja?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilisimama na udongo mikononi, na nikaelewa kwamba nilikuwa nimeingia katika utani kupitia mlango wa nyuma, na kwamba humo ndani hakuna awezaye kukasirika. Nilipogeuka kumtafuta mke wangu miongoni mwa wanawake, nilimwona. Yeye peke yake hakuwa anacheka.

Jumatatu nilikwenda kufundisha. Niliporudi jioni, nyumba yangu ilikuwa nyekundu. Alikuwa ameisiriba upya, kuanzia msingi hadi chini ya paa, kwa udongo wa kichuguu, tabaka moja zito lisilo na alama. Masuke hayakuwapo. Madoa hayakuwapo. Ukuta ulikuwa bado unyevu, na yeye alikuwa anaosha mikono kwenye beseni.

"Umefanya nini?" nilimuuliza.

"Nimekuondolea wasiwasi. Sasa nyumba yako haina cha kuibiwa."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, akaniletea chakula. Tulikula. Hakunipunguzia heshima siku ile wala siku nyingine yoyote, na sitaki msomaji adhani nilioa mwanamke mgomvi. Aliniamkia, alinipikia, alinizalia, na bustani aliilima. Mlimau ulishika, mpera ulizaa, hata mistari yangu iliyonyooka aliikubali bila ubishi, ambao kwa kweli niliukosa sana. Lakini ukuta ulibaki mwekundu, na aliyepita njiani hakuweza kusoma chochote.

Ng'ambo, masuke yaliendelea kuonekana. Kila asubuhi nilifungua dirisha langu nikayakuta, kwenye ukuta wa mwanamume asiye na mke, wakati mimi mwenye mke nilikuwa na ukuta wa kapera. Huo ndio wivu ninaousimulia. Walioandika juu ya wivu wamesema huwaka kama moto. Wangu ulikuwa ukuta. Haukuwaka, ulisimama tu.

Kabla ya masika bwana shamba alihamishwa. Nilikuwapo Kivukoni alipovushwa na baiskeli yake, nikamwona akinipungia mkono kutoka katikati ya maji. Mke wangu hakwenda kumuaga. Nasikia kijana huyo alioa huko alikohamia. Mpangaji aliyemfuata alipaka nyumba chokaa, na hivyo ushahidi pekee nilioweza kuurudia na kuupima ukafutika, nami sikuwa nimeumaliza.

Nasikia pia kwamba mke wangu, alipokwenda Mahenge kumuuguza mama yake, alipamba nyumba ya kaka yake, masuke ya mpunga pande zote za mlango, na kwamba watu walitoka mbali kuja kuyatazama. Aliyeniambia ni shemeji yangu mwenyewe, tena kwa kujisifu. Sikwenda kuona. Sikutaka kusimama mbele ya ukuta wa mwanamume mwingine nikiutamani, hata kama mwanamume huyo alikuwa na haki nao.

Kiangazi kilichofuata wanawake wa Kibaoni walikwenda tena Kivukoni, na mke wangu alibaki nyumbani akipalilia bamia. Nilikwenda mimi. Nilichimba chini ya kingo kama nilivyowaona wakichimba, wavuvi wakiniuliza kutoka mitumbwini kama shule imefungwa, na nilirudi na kapu la udongo mweupe begani, maji yake yakinitiririka mgongoni. Nililiweka chini ya dirisha la mbele. Yeye alilitazama, akasema, "Ahsante, pole na kazi," kisha akalisogeza kando apate nafasi ya kufagia.

Kapu lilikaa hapo. Udongo ulikauka, ukapasuka. Kuku walitagia juu yake. Nilikuwa barazani mvua ya kwanza iliponyesha, yeye akiwa amesimama mlangoni nyuma yangu, nikauona udongo ukilainika, ukapita katikati ya nyuzi za kapu, ukateremka kwenye njia yangu iliyonyooka katikati ya bustani, mpaka mchaichai wote ukawa mweupe shinani.