Chanjo Iliyokuzwa Ndani ya Yai

Shangazi yangu hali mayai. Akionja tu, midomo inamvimba. Lakini ndiye aliyenifundisha kuyapasua na kuyajaza kachumbari, kwa sababu mayai ndiyo yanayotulisha hapa mtaani Mukuru kwa Njenga. Yeye huchemsha, mimi nauza kule mtaa wa Fedha, kando ya geti la estate.

Mwaka huu kliniki ilitangaza chanjo ya homa ya mafua kwa wenye shida ya kifua. Shangazi ana pumu, nikaenda kumsikilizia. Nesi alieleza kwamba virusi hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, kisha huuawa na kusafishwa, ndipo chanjo hupatikana. Nilitaka kuuliza kuhusu midomo ya shangazi. Mkono ukakataa kuinuka. Mbele ya watu sauti yangu hukwama. Niliondoka kabla hajamaliza.

Nyumbani nikamwambia shangazi huku nacheka, "Anti, kumbe chanjo inatengenezwa na mayai! Sisi na madaktari ni biashara moja."

Hakucheka. "Mayai? Unataka nivimbe mpaka kooni?"

"Si mayai yenyewe..."

"Ni nini basi?"

Sikujua. Hakwenda kuchanjwa.

Mafua yalipoingia kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, sisi wengine tulipiga chafya tukapona. Yeye alilazwa. Nilimkuta ameketi kitandani, ameinama mbele, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Sikuweza kumtazama usoni. Nilimmenyea chungwa, nikalishika tu.

Aliporudi nyumbani na kupata nafuu, nilikwenda kliniki nikasimama mlangoni.

"We kijana, unataka huduma au unalinda mlango?" nesi akauliza.

Nikasema yote kwa mkupuo mmoja. Akanieleza kwamba siku hizi kuna chanjo nyingine zinazokuzwa kwenye seli hai za maabara, bila yai hata moja. Na hata hii ya mayai, wengi kama shangazi huchanjwa salama, wakiangaliwa kidogo baada ya sindano.

"Haya niliyasema siku ile," akaongeza. "Mwishoni."

Nikampeleka shangazi. Siku hiyo zamu ilikuwa ya nesi mwingine.

"Mama, na kifua hiki, nani alikuambia usije mapema?"

Nikaangalia sakafu.

"Hakuna," shangazi akajibu, akipandisha mkono wa sweta. "Niliogopa sindano tu."

Waliokuwa kwenye benchi wakamcheka, mama mzima kuogopa sindano, naye akawaacha wacheke.