Waya Usio na Salamu

Watu wakisikia kwamba nilimaliza miaka yangu ya ofisini nikiwashauri wakubwa wanunue mitambo gani, waiweke wapi na waanze na upi, hudhani nilisomea mahali. Siku hizi kazi hiyo ina jina refu, mkakati wa teknolojia, na vijana wanaoifanya huvaa viatu vilivyochongoka. Mimi niliianza miaka ya hamsini nikiwa utingo wa basi la Tanga kwenda Pangani, juu ya paa, nimekalia tenga la kuku.

Kabla ya kuku kulikuwa na jeshi. Msinitukuze. Vita kubwa ilikuwa imekwisha nilipojiandikisha, na adui pekee niliyekutana naye ni baridi ya kambi moja huko bara. Sajini aliuliza nani hajui kuogelea, nami niliyekulia kando ya mto Pangani nikanyoosha mkono, nikitumaini wasiojua watarudishwa pwani wakafundishwe. Wote tulionyoosha mikono tukapewa mabunda ya waya na kuambiwa sasa sisi ni kikosi cha simu. Sikuuliza kuogelea kulihusu nini. Jeshini ukianza kuuliza humalizi.

Miaka mitano nilibeba waya, nikapanda nguzo, nikajifunza kusema na simu kijeshi: unataja ulipo, unataja jambo, unasema mwisho. Nilipeleka habari za makapteni, habari za nyama ya kopo, habari za buti zilizopotea na habari za buti zilizopatikana. Kazi ile niliipenda, na nilijiona mtu wa maana sana.

Nyumbani hawakujua niko wapi. Siku niliyoondoka nilimwambia baba nakwenda kununua mafuta ya taa. Yeye alikuwa nyapara katika shamba moja la mkonge upande wa Mwera, ng'ambo ya mto, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu, na nilijua nikimwomba ruhusa ya jeshi atanikatalia. Nilirudi baada ya miaka mitano nikiwa na buti zinazong'aa, mafuta ya taa sina. Nikainama, nikasema shikamoo. Akanitazama mikono, akaniuliza mafuta yako wapi, kisha akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hakuniitikia. Mara tatu nilikwenda kumwamkia na mara tatu alinipita, mara moja mbele ya msikiti watu wakitoka kusali. Kwetu shikamoo isiyoitikiwa haina pa kwenda. Unabaki nayo mdomoni, na kila mtu anajua unayo. Nilijifanya sijali, nikawaambia wenzangu mzee amezeeka. Uongo mtupu. Iliniuma hata usingizi ulikuwa wa shida.

Nikahamia Tanga, nikapanga chumba Makorora. Nchi nzima ilikuwa haina haja na mtu anayejua kufunga waya juu ya mti huku akipigiwa kelele. Nilipata kazi ya kupiga santuri kwenye mkahawa, lakini wateja walitaka sahani moja tu ya santuri, asubuhi hadi jioni, mpaka ikaisha ikawa inakwaruza kama paka aliyefungiwa kabatini. Mwenye mkahawa akasema nimeiua mimi. Ndipo nikawa utingo.

Siku moja tulipakia masanduku manane ya mbao ya meneja wa shamba la mkonge, mzungu mfupi mwenye kofia pana. Alikuwa ameyanunua mnadani na aliyapenda kama mtu anavyompenda mchumba wa mbali. Tulipofika Pangani kuyashusha ili yavuke na pantoni, ubao wa sanduku moja ukabanduka, nikaona ndani simu za jeshi, zile zile nilizozoea, zenye kipini cha kuzungusha ubavuni. Nikamuuliza betri zake kazinunua wapi. Akaniuliza betri gani. Nikamwambia simu hizo bila betri zitalia kengele vizuri sana, ila hakuna atakayesikia neno. Hapo ndipo nilipotoa ushauri wangu wa kwanza wa teknolojia: kabla hujanunua mtambo, uliza unakula nini. Sijapata kutoa ulio bora kuliko huo, na wa baadaye nimelipwa kwa kuutoa nikiwa nimevaa tai.

Meneja akaniajiri palepale, kuku wakiwa bado juu ya basi. Shamba lenyewe ndilo lile la baba. Nilijua, na ndiyo sababu sikukataa.

Shida ya shamba ilikuwa hivi. Mkonge ukikatwa hauna subira. Usipofika upesi korona, yaani kiwandani ambako majani hukwanguliwa zikatoka singa za kusokotea kamba, hukauka na kuharibika. Kulikuwa na treni ndogo moja ya kuuchukua na kambi nne za wakataji, kila kambi na nyapara wake. Treni ilikwenda kwa kubahatisha. Ilifika kambi ambayo mkonge haujakatwa, huku kambi nyingine mkonge umelala juani tangu asubuhi. Tarishi wa kupeleka habari alikuwa na baiskeli, na baiskeli ilikuwa na pancha. Meneja akataka kila kambi iwe na simu, nami niketi korona nipokee habari na kuielekeza treni. Akanipa mwezi mmoja. Zikifanya kazi, nitapewa cheo na nyumba ya mawe. Zisipofanya kazi, atayarudisha masanduku mnadani na mimi nirudi kwa kuku.

Betri zikaletwa kutoka Tanga, nikavuta waya kambi zote, mwingine juu ya minazi kwa kukosa nguzo. Nilipokwenda kuipigilia simu Kambi ya Nne, kambi ya baba na ya mbali kuliko zote, baba alihamia uani mpaka nikamaliza. Ukuta ukaitikia nyundo yangu, yeye hakuniitikia.

Asubuhi ya kwanza meneja alikuja korona na saa yake mkononi. Waya wote ulikuwa mmoja, kwa hiyo ukizungusha kipini kengele za kambi zote hulia. Nikazungusha, na manyapara watatu wakainua mikonga ya simu zao. Nyapara wa Kambi ya Kwanza akauliza nani mwenzangu. Wa Kambi ya Pili, mzee wa kanisa kutoka Usambara, akasema kwanza jitambulishe, nijue nikuamkie au uniamkie. Hilo lilikuwa swali zito. Uso huuoni, mvi huzioni, na mtu mzima hawezi kuropoka shikamoo akakuta amempa mtoto. Wakaanza kuulizana nani aliingia jandoni mwaka wa nzige na nani alikuwa bado. Wa Kambi ya Tatu akaingilia, akasema yeye aliwajua wazee wao wote wawili. Ukubwa ulipopatikana, zikafuata salamu zenyewe: za nyumbani, za watoto, za mvua, za goti la mke wa fulani, na hao watatu kambi zao zimepakana, mwendo wa sigara moja. Treni ilikuwa inatoa moshi bure. Kambi ya Nne hawakuinua kabisa. Meneja aliitazama saa mpaka nikaionea huruma.

Jioni hiyo nikatoa amri, na niliitoa kwa sauti ya sajini, Mungu anisamehe. Kwenye waya hakuna salamu. Taja kambi, taja mzigo, sema mwisho. Nikaenda kambi kwa kambi kuifundisha. Manyapara walinisikiliza kwa adabu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa simu. Mke wa nyapara mmoja aliifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, cha maua, ikapendeza. Mkonge ukiwa tayari walituma mtu kwa miguu, anakuja korona anatweta, anasema, "Nyapara anakusalimu sana, anauliza umeamkaje, na anasema mzigo tayari." Mimi nawakaripia, wao wanatuma mwingine. Walinichukulia kama mtoto aliyekwenda mbali akarudi bila adabu, na walikuwa na ushahidi.

Wiki tatu zikapita hivyo. Meneja akaanza kuniuliza kwa upole kama bado namfahamu mwenye basi.

Siku yenyewe tulikuwa korona, mimi na yeye, treni imesimama, hatujui iende wapi. Kengele ikalia mara mbili ndefu, mlio wa Kambi ya Nne. Nikainua.

"Kambi ya Nne. Mzigo tayari, mabehewa manane. Mwisho."

Ilikuwa sauti ya baba. Kavu, safi, kila neno mahali pake, kijeshi kuliko jeshi. Sijui alijifunza lini, maana nilipofundisha kambini kwake alikuwa ameketi uani amenipa mgongo. Meneja akanipiga bega, akasema hivyo hivyo ndivyo alivyotaka tangu mwanzo, nyumba ni yangu. Treni ikaondoka. Nami nimesimama na mkonga sikioni, nimeyasikia kwa baba yangu maneno mengi kuliko niliyoyapata tangu nirudi, na katika hayo hakuna langu hata moja. Amri niliitunga mwenyewe.

Nikazungusha kipini, mara mbili ndefu.

"Kambi ya Nne," akasema.

"Shikamoo, baba."

Nilisikia pumzi za watu, maana manyapara wote walikuwa wameinua, hata yule wa kitambaa cha maua.

"Waya huu hauna salamu," akasema. "Amri ni yako. Mwisho."

Akakata. Mtu mmoja kule kwenye waya akakohoa. Mwingine akacheka, na simlaumu.

Nikatoka. Sikumuaga meneja, kuaga watu kulikuwa bado hakujaniingia. Nikafuata reli kwa miguu hadi Kambi ya Nne, jua la saa sita, hasira zikiwa zimenijaa na sijui namkasirikia nani. Nilimkuta kando ya reli akikagua mafungu ya mkonge, anavuta jani moja hapa, jingine pale.

"Simu imekufa?" akauliza bila kugeuka.

"Haijafa."

"Basi huku umefuata nini, kwa miguu?"

Nikamwambia nimekuja kumwamkia. Akaendelea na mafungu yake. Nikamwambia nilidanganya juu ya mafuta ya taa kwa kuogopa angenikataza. Alikiri kwamba angenikataza, na kwamba ningekwenda vilevile kwa kuwa kichwa changu ni cha ukoo wa mama.

"Lakini ningejua uko wapi," akasema. "Miaka mitano sikujua nikusomee hitima au nikuombee dua urudi. Kuna wiki nilifanya yote mawili." Ndipo akageuka. "Huko jeshini walikupa kazi gani?"

Alijua. Mwera nzima ilijua, kwa jinsi nilivyojitapa.

"Kupeleka habari, baba."

"Za nani?"

Nikaona makapteni wote, na nyama ya kopo, na zile buti. Miaka mitano, kutwa kucha, waya mkononi, na nyumbani sikupeleka hata mstari mmoja kwamba niko hai. Nikalia, mtu mzima na buti zangu, na wakataji wakajifanya wanatazama mkonge. Nikainama nikasema shikamoo. Akavuta jani jingine la mkonge, kisha akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa, akaniuliza simu ya korona nimemwachia nani. Sikuwa nimemwachia mtu. Wala dereva sikuwa nimemwambia ni kambi ipi; treni, tulikuja kujua, ilikuwa imekwenda Kambi ya Tatu na kurudi tupu.

Kesho yake nilimweleza meneja kwamba wataalamu wote wa simu hujaribu waya kila asubuhi kabla ya kazi, kwa dakika kumi, kila kituo kikisema na kila kituo. Akaliandika kwenye daftari lake, jaribio la waya, akafurahi kuwa na kitu cha kitaalamu. Manyapara wakaamkiana kwa ukubwa wao uliokwisha kupatikana, wakaulizana watoto na mvua na lile goti, na wakishamalizana hakuna aliyeona haya tena kusema mzigo tayari, mwisho. Kitambaa cha maua kikaondolewa. Baadaye nimeandika mikakati mingi kwa ofisi nyingi, yenye majedwali na maneno makubwa, na katika kila mmoja nimeficha dakika kumi za namna hiyo chini ya jina lingine. Wakubwa hawajawahi kuzigundua.

Katika jaribio la waya mimi ndiye niliyeanza, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mdogo. Naiamkia Kambi ya Nne, manyapara wote wakisikiliza. Baba ananiitikia. Halafu, kila asubuhi, miaka yote niliyokaa pale, ananiuliza swali moja. Simu yangu ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye ukuta wa kiwanda, haiendi popote, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Leo uko wapi?"

"Niko korona, baba."