Nusu ya Mechi Nisiyoikumbuka

Mechi iliyokaribia kunipeleka chuo kikuu cha Marekani niliicheza nusu tu. Nusu ya pili ilichezwa na mwili wangu, mbele ya watu wengi, na dada yangu aliirekodi yote kwa kamera ya kuazima. Mimi mwenyewe sikuwepo. Nimejaribu kwa miaka kulisema jambo hili kwa njia nyingine, nimeshindwa.

Tulikuwa tunakaa Flemingdon Park, mtaa mmoja wa Toronto, ghorofa ya kumi na moja, mama, dada yangu na mimi. Baba alifariki nikiwa na miaka minane. Mama alifanya kazi kwa zamu katika nyumba ya kulelea wazee. Alituongelesha Kiswahili na sisi tukamjibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa kule. Nilielewa kila kitu alichosema, ila kukirudisha nilikuwa siwezi, nikaona aibu. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata ukubwani, Morogoro, kwa shangazi ambaye hakunionea huruma hata siku moja.

Shuleni nilicheza mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki. Nilikuwa kwotabeki, yaani yule anayesimama nyuma ya mstari wa wachezaji wakubwa, anayepokea mpira, na anayetakiwa kuamua amrushie nani kabla hajaangushwa chini. Mama alikuja kunitazama mara moja tu. Alisema ule si mchezo, ni ugomvi wenye ratiba.

Kocha wetu, mwalimu wa michezo aliyekuwa na sauti iliyokauka kwa kupiga kelele, aliniambia mapema kwamba nina mkono mzuri na kwamba vyuo vya Marekani huwasomesha bure vijana wa aina yangu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuja Toronto kututazama. Ilibidi tujipeleke wenyewe. Kwa hiyo dada alirekodi mechi zangu, akachagua vipande vizuri, akavinakili kwenye DVD na kuzituma kwa posta kwa makocha tusiowajua hata kwa sura. Majibu yalikuwa barua za kupigwa chapa, nyingine zimelikosea jina langu. Kocha alituambia kwamba wale watu hutazama kanda huku kidole kiko juu ya kitufe cha kuizima. Nilihitaji mechi moja tu ya kuwafanya watoe kidole.

Mechi hiyo ilichezwa mwezi wa kumi, alasiri, dhidi ya shule moja ya magharibi mwa jiji. Nakumbuka majani yalikuwa yamelowa. Nakumbuka tulikuwa nyuma, na kwamba dada alikuwa ametoka kwenye viti vya watazamaji kwa sababu ya upepo, akasimama karibu na benchi letu. Kabla tu ya mapumziko nilipokea mpira, nikamtafuta mwenzangu upande wa kulia, na upande wa kushoto pakaingia kivuli.

Kisha nilikuwa nyumbani, ndani ya beseni la kuogea. Maji yalikuwa yamepoa. Nilikuwa na sabuni mkononi, na povu lilikuwa limeshaanza kukauka kwenye vidole. Nje ya mlango mama aliniuliza kama bado nipo. Nilimjibu kwamba nipo, nikatazama mikono yangu kwa muda mrefu kabla sijathubutu kusimama.

Nguo zangu za mchezo zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa. Sahani yangu ya chakula ilikuwa imeoshwa. Kwenye daftari langu la hesabu palikuwa na zoezi zima nililolifanya jioni ile, kwa mwandiko wangu, na majibu yote yalikuwa sahihi.

Kesho yake shuleni watu walinipiga mabegani. Tulikuwa tumeshinda. Walinieleza pasi nilizorusha kana kwamba nataka kuzisikia tena, na mimi nikacheka pale walipocheka. Kutokana na maneno yao niliipata habari kipande kwa kipande: kwamba niligongwa, nikaanguka, nikainuka mwenyewe na kujikung'uta magoti, kwamba kocha aliniuliza kama niko sawa nikamwambia niko sawa, kwamba tangu hapo sikukosea. Siku hizo, pale kwetu, ukiweza kusimama ulicheza. Sikumwambia mtu yeyote kwamba sikumbuki. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na jambo nililokuwa nikilitaka kuliko yote lilikuwa limeshatendeka kwa jina langu.

Jumapili, baada ya kanisa, dada aliweka kanda kwenye televisheni. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi.

Sijui nieleze vipi kujiona ukifanya kitu usichokifanya. Alikuwa mimi, namba yangu, mguu wangu ninaouburuta kidogo. Lakini yule kijana alikuwa ametulia kwa namna ambayo mimi sikuwahi kutulia. Watu wazito walimjia mbio naye akangoja, akangoja, mpaka nikajikuta nimekunja mabega pale kwenye kochi, halafu akaurusha mpira mahali ambapo hapakuwa na mtu, na mtu akatokea.

Na alikuwa anaongea. Kabla mpira haujaanza, kwotabeki hupaza sauti kuwapangia wenzake muda, na wote huondoka kwenye neno walilokubaliana. Siku zote nilitumia maneno ya Kiingereza aliyotufundisha kocha. Yule kijana hakuyatumia. Kwa kuwa dada alikuwa amesimama karibu na uwanja, sauti ilisikika vizuri kabisa.

"Tulia. Bado. Bado. Haya, sasa."

Wenzangu walidhani ni msimbo mpya niliotunga. Wapinzani walichanganyikiwa, wakawa wanaruka kabla ya wakati, mara kwa mara, na kuadhibiwa. Mimi nilikuwa nayajua maneno yale. Baba aliponivusha barabara ya Don Mills nikiwa mdogo alinishika kifundo cha mkono, si kiganja, akatazama magari na kuyasema hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, akilivuta lile "bado" la pili. Mimi sikuwahi kuyatamka maishani mwangu.

Mama alitoka jikoni na kisu mkononi.

"Nani huyo anayeongea?" aliuliza.

Dada alimwambia ni mimi.

"Rudisha."

Dada alirudisha. Mama alisikiliza mara tatu, amesimama, hakuitazama picha hata kidogo. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza ukutani. Kisha akarudi jikoni. Tulisikia bomba la maji limefunguliwa, na likaendelea kutiririka muda mrefu kuliko viazi vilivyohitaji.

Dada alituma nusu ile nzima, bila kuikata. Wiki chache baadaye simu ilipigwa. Alikuwa kocha wa chuo kikuu kimoja cha upande wa pili wa mpaka, mwendo wa asubuhi moja kwa gari. Alikuwa na sauti ya upole na alinipigia kila Jumanne jioni. Mazungumzo yetu yote yaliishia kwenye nusu ile. Alisema hajamwona kijana wa umri huo mwenye subira namna ile. Alimzungumzia yule kijana kana kwamba sote wawili tunamfahamu, na mimi nikaitikia, na kila nilipoweka simu chini nilijisikia kama niliyemwibia mtu.

Msimu ulikuwa umebakiza mechi moja. Wenzangu waliniomba niutumie ule msimbo. Nilijaribu. Nilipaza sauti, nikasema tulia, nikasema bado, na sauti yangu ikatoka ya mtoto anayeigiza. Wachezaji wangu wa mbele waliondoka kabla ya wakati. Niliangushwa mara nyingi siku ile, na dada, bila kuniuliza, hakuituma kanda yake kwa mtu yeyote. Taa za korido za shule zilikuwa zimeanza kuniumiza macho. Nilivaa kofia na kuivuta chini, nikasema ni mtindo.

Mwezi wa pili yule kocha alitualika tukatazame chuo. Mama aliomba ruhusa kazini, akaazima gari la rafiki yake wa kanisani, tukaenda wawili. Theluji ilikuwa imerundikwa pande zote za barabara kiasi kwamba hatukuona mashamba. Kocha alitupokea mlangoni, mtu mrefu mwenye miwani, akamwita mama kwa heshima na kumbebea koti. Alituonyesha madarasa, bweni, kisha chumba cha kubadilishia nguo. Kwenye kabati moja palikuwa pametundikwa jezi yenye namba yangu na jina la ukoo wetu mgongoni. Wageni wote hufanyiwa hivyo, nilijua, lakini sikuweza kuigusa. Nilihisi kabati lile lina mwenyewe.

Ofisini kwake alifunga mapazia na kuwasha skrini. Alitaka nimweleze nilichokuwa nikikifikiria, pasi baada ya pasi. Ni jambo wanalowafanyia makwotabeki wote wanaotaka kuwachukua. Nilikuwa nimeitazama kanda ile mpaka naijua kama njia ya kwenda shule. Pasi ya kwanza nilimweleza vizuri. Ya pili pia. Aliandika kitu, akatabasamu.

Kwenye ya tatu alisimamisha picha. Yule kijana alikuwa ametazama kushoto, na mkono wake tayari ulikuwa unaupeleka mpira kulia, nyuma ya bega lake, kwa mchezaji ambaye bado hajageuka.

"Huyu ulimwonaje?" kocha aliuliza. "Hukugeuza kichwa."

Nilisema labda nilimsikia. Alitikisa kichwa taratibu, akasema kwa kelele zile haiwezekani, nijaribu tena. Nilitazama skrini. Kwa bahati mbaya dada alikuwa amesogeza kamera wakati ule, kwa hiyo uso ulionekana ndani ya helmeti, na macho yalikuwa yanatutazama sisi.

"Sijui," nilisema. "Sikumbuki. Nusu hii yote siikumbuki. Nilizinduka nyumbani, naoga."

Kocha alicheka kidogo, halafu akaacha. Mama alikuwa amekaa kando yangu na mkoba magotini. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko watu walivyodhani. Hakunigeukia. Aliendelea kuitazama skrini, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiitazama picha yenyewe.

Kocha aliinuka, akaizima skrini kwa mkono badala ya rimoti, akafungua mapazia. Aliniuliza nani mwingine anajua. Nilimwambia hakuna. Alitoka, akarudi na daktari wa timu, mama mmoja wa makamo aliyenipeleka chumba cha pili na kuniuliza maswali kwa saa nzima: kuhusu kichwa, mwanga, usingizi, maneno ninayoyasahau. Aliniambia kwamba ubongo uliotikisika huweza kuendelea na kazi bila kuweka kumbukumbu, na kwamba ameshaona watu wakiendesha gari hivyo. Nilimwuliza kama mtu huweza kuongea lugha asiyoiongea. Alifikiri, akasema kama niliisikia utotoni, inawezekana ilikuwemo siku zote. Hakuonekana kuridhika na jibu lake, na mimi sikumsukuma.

Kocha alituaga mwenyewe mpaka garini. Alisema hawezi kunisajili, na kwamba pigo jingine kama lile asingependa litokee mbele ya macho yake. Akaniomba kitu kimoja: nisimpe mtu mwingine kanda ile bila kumwambia ukweli. Alinipa mkono. Nilimwona amekasirika, ila si kwangu.

Tulivuka daraja la mpakani. Tulipokaribia Hamilton mama aliingiza gari kwenye kituo cha mafuta, akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Siku ile ulipotoka kwenye mechi," alisema, "ulikula, ukaosha sahani. Ukaja ukasimama nyuma yangu pale jikoni, ukaniuliza kwa Kiswahili kama mgongo bado unanisumbua. Uliniita jina langu."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilijua si wewe. Ilinipasa nikupeleke hospitali saa ile ile." Alichomoa ufunguo wa gari. "Nilitaka akae kidogo, mwanangu. Nisamehe."

Alilia kwa muda mfupi, bila sauti, kisha akashuka kununua chai. Nilibaki garini nikitazama watu wanavyojaza mafuta. Nilikuwa na hofu, lakini si ya kichwa changu tena. Nilikuwa nikifikiria kwamba kwa jioni moja mama alikuwa na mtu wa kuongea naye, na kwamba mtu huyo aliondoka wakati mimi nilipomwitikia mama kutoka bafuni kwamba nipo.

Wiki ile ile alinipeleka hospitali. Walinikataza kucheza, nami sikubishana. Maumivu ya kichwa yalikwisha polepole, kufikia kiangazi. Nilisoma chuo cha hapa hapa mjini, nikienda kwa basi kutoka nyumbani, na sasa napima udongo kabla ya majengo kujengwa, kazi ya kimya inayonifaa.

Kitu kimoja kilibaki kufanywa. DVD zilikuwa zimeshasambaa, na mpaka mwezi wa nne barua ziliendelea kuja, safari hii zikiwa na jina langu sahihi na sahihi za kalamu. Dada alitaka tuzitupe. Nilikaa mezani nikazijibu zote, moja moja, kwa mkono. Niliwaandikia kwamba nawashukuru, na kwamba kijana waliyemwona kwenye kanda hachezi tena. Kocha mmoja tu alijibu. Alisema anasikitika kusikia hivyo, na akauliza kama yule kijana ana mdogo wake.