Saini ya Chola

Siku yangu ya kwanza ku kazi, Secrétaire Mukubwa hakuniuliza hata habari ya nyumbani. Alinipa kalamu, akaanza kusema Kiswahili mbio mbio, miye naandika kwa Kifaransa. Akasoma. «Iko muzuri. Kesho saa moja na nusu, usichelewe.»

Ilikuwa ku parquet, biro ya bale benye kushitaki bantu kwa jina ya serikali. Magistrat anauliza, muntu anajibu, secrétaire anaandika. Ile karatasi tunaita PV. Bantu ya huku banajibu kwa Kiswahili, lakini PV ni ya Kifaransa. Kwa mwisho secrétaire anamusomea muntu kwa Kiswahili, na muntu anatia saini. Vijana, leo munaandika ku ordinateur, lakini pale hapajabadilika: muntu anaamini mudomo yako tu. Miye nilipenda kesi ya makaratasi kuliko ya visu, juu nilifikiri mule hakuna damu.

Mara moja, nikiwa secrétaire ya Premier Substitut, magistrat mukubwa, bakaleta kesi ya kampuni moja, jina ninaacha. Ilikuwa inapitisha shaba ku mupaka, ku Mokambo. Makaratasi ya duane, ya forodha, alikuwa anasaini déclarant yabo, muntu ya kupitisha mizigo, Chola. Sasa inspecteur aligundua kama Chola alizikwa, na kisha miezi saba saini yake ilikuwa ingali inatoka. Tulipanga za zamani na za mupya pa meza. Ilikuwa mukono moja. Premier Substitut akaziangalia mara mbili, akaamuru bamulete mwenye kusaini. Miye nilisikia baridi ku shingo, na ilikuwa saa sita ya jua.

Bakamuingiza Mwansa, ndugu mudogo ya marehemu, mupole, hana viatu ya maana.

«Jina yako?»

«Chola.»

«Chola alikufa.»

«Ndiyo, shefu, alikufa. Bandugu balinipyanisha. Njo miye Chola.»

Kwa benye habajui kupyana: kilio ikiisha, bazee banachagua ndugu, banamufunga bushanga bweupe ku mukono, banamupa jina ya marehemu. Tangu pale batoto ya marehemu banamuita baba, na deni ya heshima yote ni yake. Si muchezo. Bakubwa ya kampuni balikuwa ku ile kilio, balikula, na kisha balimuambia Mwansa: Chola, kazi yako inakungoja.

Premier Substitut akamupa karatasi nyeupe. Akasaini bila kufikiri. Ilikuwa ileile.

«Nani alikufundisha?»

«Hakuna muntu. Kisha bushanga, mukono ilijua yenyewe.»

Premier Substitut akanigeukia. «Andika: anakubali kama alisaini kwa jina ya muntu mwingine, akijua ni uongo.»

«Shefu, hakusema vile.»

«Yeye anasema Kiswahili. Weye unaandika sheria. Ao unataka nikutume mbali, kule hata barabara haifike?»

Nilikuwa na batoto ine ku masomo. Niliandika. Na ile neno «akijua», vijana, njo kesi yenyewe: bila nia ya kudanganya, faux, kosa ya kugushi, hakuna, muntu anarudi kwake.

Kisha nikamusomea. Nilimusomea yenye alisema yeye, si yenye niliandika. Alisikiliza sana, akasema: «Ni vile, papa.» Akasaini: Chola.

Ku tribunal, avoka yake, wakili, alisimama. «Huyu muntu hajui Kifaransa. Alisomewa?» Président ya tribunal akaniangalia. Hapa ningesema yote, na Mwansa angelala kwake.

«Alisomewa, Président.»

Bakubwa ya kampuni balisema habajui kitu, aliyesaini ni Chola. Mwansa akapata miaka tano. Akipita na pingu, alisimama mbele yangu. «Aksanti, papa. Ulinisomea muzuri.» Nilitamani kufa palepale. Miaka mbili haikuisha, alikufia mu gereza.

Leo niko mu pension, kazi iliisha, ninakaa Kampemba, na vijana ya parquet banakuya kuniuliza namna ya kuandika PV safi. Nabaambia: musome yenye muliandika, hata mukubwa akasirike. Banaitika tu, sawa vile miye nilikuwa naitika.

Mwezi uliopita mujane ya Chola ya kwanza alikuya kwangu. Nilimujua mara moja alipotaja jina ya bwana yake. Alikaa ku kiti, akasema bandugu balifanya kilio ya pili, ya Mwansa, bazee baliita bandugu moja moja, na hakuna aliyetoa mukono afungwe bushanga. Kila muntu anaogopa ile jina. Sasa, saa ya kula, mu jua kali, muntu anabisha hodi ku mulango. Banafungua, hakuna muntu. Batoto banasema ni sauti ya baba, lakini habajui kama ni ya kwanza ao ya pili.

«Papa, balinielekeza kwako, banasema unajua makaratasi,» aliniambia. «Hakuna karatasi ya kumaliza jina ya muntu?»

Nilimujibu hakuna. Akanishukuru, akaenda zake. Hajui ni nani aliandika ile PV, na miye, muzee muzima, ningali naogopa kumuambia.