Maji ya Bluu Kwenye Zulia la Mama

Tulikwenda Msimbati kulala usiku mmoja ili kulijaribu gari. Lilikuwa kosta kuukuu ambalo mume wangu aliling'oa viti, akaweka vitanda, jiko la gesi na, nyuma kabisa, kibafu chenye bomba la mvua. Yote hayo kwa ajili ya mama yangu. Alikuja kwetu Likombe kutibiwa magoti, sasa alitaka kurudi kwake Njombe, na basi halikumfaa: haja ndogo ikimbana haisubiri kituo.

Asubuhi zulia lililo mbele ya kitanda chake lilikuwa limelowa chapachapa. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Ni mimi, mwanangu. Uzee."

Nilimwambia ni bafu, maana jioni mimi na mume wangu tulioga humo kwa zamu. Hakuniamini, alidhani namsitiri. Tuliporudi nyumbani, habari ya Njombe akaifunga. Atazikwa hukuhuku Mtwara, alisema, kwani udongo una tofauti gani? Neno hilo liliniuma sana, na mimi nikiumizwa hufoka.

Nikampigia simu fundi wetu wa mabomba, mkulima wa korosho kutoka Ziwani. "Bomba la mvua la gari linavuja," nikamwambia, nikaenda zangu shuleni. Niliporudi nilimkuta juu ya paa la kosta, silikoni ya kuzibia nyufa imemfika hadi kwenye nyusi.

"Mwalimu, hata masika yote yamwagike hapa, tone halipiti!"

Kwake bomba la mvua ni lile linaloteremsha maji ya mvua kutoka paani. Nilifoka mpaka jirani akachungulia, kisha nikaiona ile sura yake iliyoridhika, nikacheka hadi nikakaa chini. Miaka yote hiyo nafundisha Kiswahili, nimeshindwa kutaja mahali pa kuogea.

Tukaanza upya. Mume wangu alikoroga bluu ya kufulia kwenye tangi la maji, ili unyevu ukitokea tujue umetoka wapi. Tukafungua bomba, maji yakamwagika kwenye trei ya plastiki iliyo sakafu ya bafu dakika kumi nzima. Zulia kavu. Tukaelekeza maji ukutani, kwenye kona, kwenye mlango. Kavu vilevile. Mama alikuwa barazani akichambua mchele, na kila akiinua macho yalikuwa yananiambia, si nilikwambia?

Fundi akajikuna kidevu. "Mwalimu, nyie huwa mnaoga mkiwa nje ya bafu?"

Tukatazamana. Nikaingia na khanga zangu, nikasimama katikati ya trei, bomba likafunguliwa. Fundi akalala kifudifudi kando ya kitanda cha mama, tochi mkononi.

"Cheza kidogo, mwalimu!"

Nikacheza. Mtu mzima, mwalimu wa watu, narukaruka kwenye maji ya bluu saa nane mchana.

"Yanakuja! Yanakuja ya bluu!"

Chini ya trei hapakuwa na kitu cha kuishikilia. Mtu akisimama ilibonyea na kuachana na ukuta. Akitoka ilirudi mahali pake, haina habari.

Nilimwita mama nikiwa natiririka bluu tangu utosini. Akaja polepole, akishikilia mlango. Akainama kwa shida, akagusa zulia, akakitazama kidole, akakinusa.

"Hii ni bluu."

"Ndiyo, mama."

"Mimi sijanywa bluu."

Alicheka yeye kwanza, tukafuata sote. Katikati ya kucheka mimi nikaanza kulia, na sikuona aibu.

Fundi alieleza kazi iliyobaki: trei ing'olewe, iwekewe ubao chini, kisha silikoni ipakwe upya huku ndoo zilizojaa maji zikiwa juu ya trei, ili ikauke ikiwa imebeba uzito. Akauliza kama tuna kitu cha kutandika, maana sakafu ilikuwa imelowa.

Mama akaingia ndani ya nyumba, akatoka na nailoni kubwa iliyokunjwa vizuri. Nilikuwa sijawahi kuiona. Kumbe tangu Msimbati alikuwa akiitandika chini ya shuka lake kila usiku, na kila asubuhi akiificha kabla sijaingia kutandika kitanda.

"Lalia hii, baba," akamwambia fundi. "Mimi sina kazi nayo tena."