Kazi ya Nyati wa Kwenye Simu

Tatang Ambo, yaani Mzee Ambo, anayeishi nje kidogo ya mji wa Cabanatuan, kaskazini mwa Manila, hana tabia ya kuuliza bei ya kitu. Yeye huuliza kinafanya nini. Aliwahi kumsimamisha bibi harusi mlangoni mwa kanisa ili aambiwe ule utaji mrefu unaoburuzika unamsaidia nini, na hadi leo watu wa ukoo ule wakimwona barabarani hujifanya wanaongea na simu. Ukimpa kitu kipya atakigeuzageuza, atakinusa, halafu swali litakuja tu, hata kama wewe una haraka zako.

Kwa hiyo nyati wa binti yake alimtesa sana.

Binti anaitwa Cristeta, Teta kwa kila mtu, fundi simu mwenye kibanda mbele ya nyumba wanayokaa wawili. Wakati wa korona, kazi zilipokufa, nusu ya mtaa ilikuwa ikicheza gemu la wanyama wa kwenye simu na kulipwa. Kuingia kulitaka ununue wanyama wako kwanza, na Teta hakuwa na kitu. Baba yake alikuwa na Kidlat, nyati wa kufugwa wa kulimia majaruba ya mpunga, aliyepewa jina la radi kwa utani, maana hapakuwa na kiumbe mzito wa mwendo kama yule. Asubuhi moja Ambo alimfungua, akampeleka mwenyewe kwa mnunuzi, akarudi na fedha za kumpa Teta na kamba ya puani mkononi. Akaitundika kwenye msumari jikoni na hakulizungumza tena jambo lile.

Gemu likaja kuanguka. Teta aliwauza wanyama wake kwa bei ya kutupa, akabaki na mmoja tu, nyati wa kijivu mwenye pembe moja iliyopinda. Wakusanyaji wa picha adimu walimtamani kwa ajili ya ile pembe.

"Anafanya nini?" Ambo aliuliza.

"Hafanyi kitu, Baba. Ukishakuwa naye basi, ni wako."

"Anakula?"

"Hali."

"Halimi, hali, na bado anatakiwa! Huyo ana maisha kuliko mimi."

Ndipo ikaja habari kwamba ulimwengu mwingine wa kwenye simu, uitwao Bukirin, utawapokea wanyama na vitu vyote vya lile gemu la zamani na kuvipa kazi. Kasuku wangepeleka ujumbe. Kofia ya majani, ambayo watu waliibandika kwenye picha zao kwa mikogo tu, ingemkinga mwenyewe na mvua. Nyati wangelima.

"Mvua ya wapi?"

"Ya humo humo, Baba."

"Na nikitoka bila kofia?"

"Unaumwa. Unatembea polepole mpaka upone."

Ambo akatikisa kichwa kwa heshima. "Hao watu wamefikiri."

Tangu hapo nyumba haikuwa na amani. Aliuliza huku anakula wali wa kukaanga na samaki mkavu, aliuliza hata pale Teta alipokuwa ameng'ang'ania skrubu ndogo kuliko chawa. Plau yake ni ya mbao au ya chuma? Tope lina kina gani? Jua likiwa kali, anakwenda kulala majini?

Lakini Teta alikuwa ameshaongea na mkusanyaji mmoja wa Manila. Jumamosi angemuuza, na fedha zingenunua mabati ya jikoni, maana paa lilikuwa limekwisha. Alimweleza baba yake bila kuficha: Bukirin mnyama hafanyi kazi mpaka umwandikie jina, na ukishamwandika jina amekuwa wako moja kwa moja, hauziki tena.

"Kama sisi," alisema Ambo. Kwao pia mnyama wa kuuza hapewi jina. Anayepewa ni yule utakayemwita tope likiwa magotini. "Wana akili kweli." Safari hii alilisema kwa unyonge, akaenda kukaa nje.

Jumamosi ilinyesha. Teta alimkuta baba yake kibandani, pua inakaribia kugusa simu. Nyati wa pembe iliyopinda alikuwa amesimama getini mwa Bukirin, na nyuma yake nyati wa watu wengine walikuwa wanalima.

"Umeshamuuza?"

"Bado kubonyeza tu."

"Sawa, mwanangu. Nilitaka tu kujua akianza anatanguliza mguu gani."

Maneno yale yalimchoma Teta. Alichukua simu, akamwandikia yule wa Manila kwamba biashara haipo tena, akairudisha.

"Haya, mpe jina."

Ambo akamkodolea macho. Furaha ilimjaa usoni, kisha ikaingia wasiwasi. "Jina nitalitoa wapi? Sijamwona akitembea. Kidlat nilimtazama msimu mzima ndipo nikamwita."

"Bila jina hatembei."

"Na asipotembea hana jina! Hapa hawakufikiri."

"Mwite Kidlat." Teta alikuwa anaangalia chini. "Nilikuchukulia Kidlat wako, Baba. Niache nikurudishie."

Mzee aliiweka simu mezani taratibu. "Nani kakwambia ulinichukulia? Nilimfungua mwenyewe. Nililia njia nzima, ndiyo, lakini hayo ni yangu na Kidlat, wewe hayakuhusu. Na Kidlat alikuwa mmoja."

"Basi tutumie jina gani?"

"La mtu ambaye mwendo wake naujua."

Akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Teta alichungulia.

"Baba! Nyati unampa jina langu?"

"Siku uliyoanza kutembea ulikwenda moja kwa moja mfereji ulipo. Nikakuita, nikapiga kelele, wapi! Na wewe ulivyo mpaka leo..."

Teta alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia vioo vya simu, na hakuwa na uhakika yote yalikuwa ya kicheko.

Nyati akainua mguu wa kulia, akaingia jarubani. "Wa kulia," Ambo alinong'ona. Mnyama akakata kona vibaya, akaelekea mferejini. "Teta! Weee, Teta! Kushoto!"

Ambo alinyanyuka na simu mkononi, akaenda jikoni, akaitungua kamba ya Kidlat msumarini, akarudi kukaa. Mkono wa kushoto uliishika kamba, na kidole kimoja cha kulia kiliendelea kulima. Jikoni beseni la kukingia maji ya paa lilikuwa limeshafurika, na hakuna aliyekwenda kulimwaga.