Uzi Mwekundu kwenye Upinde wa Yaya

Jana fundi wa viatu alipaka uzi wake nta ya nyuki, na harufu ile ikanirudisha uani kwetu Bunia, wakati wa vita. Vijana wa mtaa walikuwa wanakwenda kulinda barabara ya Komanda. Yaya, kaka yangu mkubwa, alikuwa anaoga kabla ya kuondoka. Upinde wake uliegemea ukuta, kamba ikinuka nta mbichi.

Nilitaka asikose shabaha. Nilifunga uzi mwekundu kwenye mti wa upinde, mahali jicho linapolengea, nikaulenga mgomba. Mshale ulipita juu. Nikaushusha uzi, na mshale wa pili ukapita juu zaidi. Hapo nikaelewa kwamba uzi unapaswa kufuata kosa. Nikaupandisha, na mishale mitatu ikachoma mgomba katikati.

Yaya akatoka, akauona uzi, akacheka. “Kumbe weye uko fundi! Basi nikikosa, nitasema ni weye.”

“Hautakosa, yaya.”

Akauvuta upinde bila mshale, kujaribu, mpaka sikioni. Mimi nilikuwa nimeuvuta mpaka kidevuni tu, kadiri ya mkono wangu mfupi. Nikajua palepale kwamba mishale yake, kwa kuvutwa kwa nguvu zaidi, itapita juu. Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amenisifu.

Alipopotea na upinde wake nyuma ya nyumba za jirani, nilibaki na mgomba, nikijizoeza maneno ya kumwambia akirudi: “Yaya, ule uzi iko mubaya, nilipima na mukono yangu.” Niliyarudia mpaka yakawa hayana kosa hata moja.